Nilivyomfundisha Marigu Kutembea

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa magunia mawili, sindano kubwa na debe la mchanga, nikaambiwa nishone mifuko ya kufungwa kwenye miguu ya wagonjwa. Mimi nilikuwa nimekuja na filimbi. Kule shuleni kwetu Mikinduri nilikuwa kiongozi wa mazoezi ya viungo, yule anayesimama mbele ya mistari asubuhi akiwaamuru wenzake mikono juu, mikono chini, na nilipoandikwa kazi hospitalini nilidhani ni kwa sababu hiyo. Mzee Zakaria Njue, aliyekuwa mkuu wangu, aliishika ile filimbi, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Hii utampigia nani?" aliniuliza. "Wagonjwa wangu hawakimbii."

Nilishona mifuko saba. Mitatu ilivuja.

Ninyi vijana mnaobaki katika idara yetu mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya hizi mashine zenu za umeme. Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwenye faili, kama panya hawajazimaliza. Nitakaa zaidi kwa mama mmoja wa Kibugu, kwa sababu siku ile mliponiaga, mkawa mnasimama mmoja mmoja kunisifu, nilikuwa ninamfikiria yeye, na kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja sikuwahi kuwasimulia habari zake.

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Embu, juu kule ambako baridi ya mlima humwamsha mtu kabla ya jogoo. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa stoo ya zamani ya mabati. Tulikuwa na fito mbili ndefu za mti wa muringa zilizosimamishwa sambamba, mgonjwa akitembea katikati huku amezishika. Ngazi ya mbao yenye vidato vitatu ambayo haikuelekea popote. Baiskeli isiyo na magurudumu. Na kioo chenye ufa kilichotoka kwenye meza ya mke wa daktari. Dawa ya kuchua tulichanganya wenyewe, na ilinuka kiasi kwamba sokoni watu walijua nimefika kabla hawajaniona. Mzee Njue alikuwa amejifunza kazi vitani, Burma, katika hospitali ya jeshi, akiwasimamisha askari waliovunjika. Cheti hakuwa nacho, lakini akishika goti lako alikuambia uliangukia upande gani.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Mimi, Mmeru, kukaa upande wa Embu nilihitaji barua, na barua yenyewe niliikunja na kuikunjua mpaka ikakatika katikati, nikaiunga kwa plasta ya hospitali. Watu wa miteremko ya juu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vipya vyenye handaki, seng'enge na mnara wa walinzi. Mwanzoni wodini tulipokea majeraha ya panga na ya risasi, ya pande zote mbili, na manesi walipanga vitanda ili mahasimu wasitazamane. Baadaye tukaanza kupokea waliovunjika wakichimba. Kando ya msitu lilikuwa linachimbwa handaki refu ili wapiganaji waliokuwa ndani wasiletewe chakula, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini kambini, au msituni, au walikuwa homugadi, walinzi wenyeji wa serikali, wa kuwasimamia hao wanawake.

Mzee Njue alikuwa na sheria moja iliyonishangaza. Mgonjwa ndiye aliyechagua nani kati yetu atamfanyisha mazoezi. "Mwili ni wake," alisema. "Mimi na wewe jioni tunaenda nyumbani na miili yetu." Na watu walichagua kwa sababu za ajabu. Wengine walinichukua mimi kwa ajili ya kaptula yangu iliyopigwa pasi. Mmoja alinikataa kwa sababu Wameru walikuwa wamewaibia ng'ombe, nami nilipomuuliza ni lini, akasema ni wakati wa babu yake. Siku hizi vijana hunijia hapa Meru mjini wakitaka niwaambie wamchukue mwalimu yupi wa mazoezi, yule mwenye kifua kipana au yule mwenye picha nyingi ukutani. Naona hakuna kilichobadilika.

Mgonjwa ambaye angenifundisha kitu, kama ningekuwa wa kufundishika, alikuwa Bwana Abdalla, Mwislamu wa Meru mjini mwenye lori, aliyekuwa akileta maharagwe kutoka Kianjai hadi Embu. Lori lilitoka kwenye jeki likamponda mguu wa kushoto. Kiswahili chake kilikuwa kizuri na alitusahihisha huku tukimkanda. "Si 'mguu yako', ewe kijana. Mguu wako." Alimchagua Mzee Njue. Mzee akamuuliza swali aliloliuliza kila mtu kabla hajamgusa: ukitoka hapa, kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni nini?

"Kukanyaga klachi," akasema Bwana Abdalla.

"Na kutembea?"

"Kutembea ni kwa wasio na lori."

Mzee alichukua ubao, bawaba na springi za kiti cha baiskeli, akatengeneza kitu kama klachi. Bwana Abdalla alikaa akikikanyaga wiki tano. Alitoka akiyumba kama bata, akapanda lori, akalitia gia, akaondoka. Mimi niliona haya kwa niaba ya idara. Nilimwambia Mzee kwamba tumemtoa mtu akiwa na mwendo mbaya.

"Umemwona akiendesha?" aliniuliza.

"Nimemwona."

"Basi."

Nilidhani ni uvivu wa mtu aliyezeeka.

Marigu aliletwa wakati wa mvua nyingi. Ukuta wa handaki ulikuwa umemporomokea, na mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, asiyepoteza maneno. Mumewe alikuwa kambini mwaka wa pili. Watoto wake wawili, mmoja akiwa bado ananyonya, alikuwa amewaacha kijijini kwa mama mkwe wake. Alilala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mawe yaliyoning'inizwa mwisho wa kitanda, na daktari alipomfungua, mguu huo ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Mzee Njue alimwambia achague. Alitutazama sote wawili.

"Ni nani atanitoa hapa haraka?"

"Mimi," nilisema, Mzee akiwa hajafungua mdomo.

Hivyo ndivyo alivyonichagua.

Nilimuuliza lile swali, maana ndiyo desturi ya chumba, lakini nililiuliza kama karani anayejaza fomu. Yeye alilijibu vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpata. Kijiji chao, alisema, kiko juu ya mto. Wanawake wakirudi kutoka kuchimba, lango huachwa wazi kwa muda mfupi ili wachote maji, watafute kuni na chakula, halafu linafungwa, na atakayekuwa nje ni shauri yake. Mama mkwe hawezi tena kupanda na maji.

"Nataka nishuke mtoni nipande na debe kabla lango halijafungwa," alisema. "Hilo tu. Na kule kuchimba sitaki kurudi. Mguu ukibaki mbaya kidogo, wakubwa wa kazi wataniacha. Nataka uwe mzuri wa maji na mbaya wa handaki. Umeelewa, daktari?"

Nilimwambia nimeelewa. Sikumwambia kwamba mimi si daktari.

Nilifanya kazi, hilo siwezi kujinyima. Nilikata kandambili za tairi, na chini ya kisigino cha mguu mfupi nikapigilia vipande viwili zaidi ili nyonga zilingane. Nilimsimamisha mbele ya kile kioo, nikamfundisha kuinua goti, kutua kwa kisigino, kuangalia mbele badala ya kuangalia ardhi. Mfuko wa mchanga kwanza ulikuwa mdogo, kisha wa wastani, kisha ule mkubwa. Alikuwa na bidii ya kutisha. Wiki ya tano aliacha fimbo. Wiki ya saba alivuka uwanja wa hospitali kutoka jikoni hadi kwenye ofisi ya daktari, wima, hatua sawasawa, na manesi waliokuwa wakianika shuka walimpigia makofi. Usingejua ni mguu upi uliovunjika.

Mzee Njue alikuwa ameketi mlangoni akimenya chungwa.

"Debe umemtwika lini?"

"Bado, Mzee. Kwanza mwendo unyooke."

"Mteremko amepanda?"

"Bado."

Alikula chungwa lake lote kabla ya kusema neno lingine. "Kwa hiyo anatembea vizuri mahali tambarare," alisema. Kibugu, kama mmewahi kufika, hakuna mahali tambarare pa kutosha kuweka meza.

Siku chache baadaye Mzee alipata habari za msiba kwao Mbeere, akaomba ruhusa. Kabla hajaondoka aliniita kando. Kulikuwa na ofisa mzungu wa serikali aliyepita hospitalini mara kwa mara kukagua wachimbaji walioumia, akiandika nani anafaa kurudi kazini na nani hafai.

"Huyo bwana akija," Mzee alisema, "Marigu abaki kitandani. Ukiulizwa, sema nyonga haijashika. Si uongo. Haijashika."

Nilisema sawa. Moyoni nilisema: mzee ana wivu. Hataki kazi yangu ionekane.

Ofisa alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mpole, nataka mjue hivyo, hakumpigia mtu kelele. Alipita wodini akifuatana na karani wake, akatazama vitanda, akauliza maswali, na alipofika mwisho akaniuliza kama mazoezi haya ya viungo yana faida yoyote, au ni mchezo tu. Aliuliza kwa kutabasamu. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilikwenda nikamwita Marigu.

Alitoka wodini, akasimama kizingitini, akamwona ofisa, akaniona mimi. Alisimama pale kwa muda kidogo. Kisha akashuka uwanjani akatembea. Alitembea mpaka jikoni akageuka, akarudi, kichwa juu, goti likiinuka, kisigino kikitua, hata kandambili zilitoa mlio mmoja. Sikuwahi kumwona akitembea vizuri hivyo. Ofisa aliitikia kwa kichwa.

"Amepona?" aliuliza.

"Amepona kabisa, bwana," nilisema.

Karani akaandika. Ofisa alinishika bega akasema kazi nzuri sana, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi mpaka nilipomgeukia Marigu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu ya vidato vitatu, iliyokuwa nje ya chumba siku hiyo, anavua kandambili.

Wiki iliyofuata alirudishwa kuchimba. Mzee Njue aliporudi kutoka msibani nilimweleza mwenyewe, maana ingekuwa vibaya zaidi asikie kwa manesi. Hakunigombeza. Alivaa koti lake la jeshi, akatembea kwa miguu mpaka kwa chifu, akarudi jioni amelowa. "Wamesema hospitali yenyewe ilisema amepona," alinieleza. Baada ya hapo hakulizungumza tena, na nikawa ninatamani anipige.

Marigu aliletwa tena kabla mwezi haujaisha, kwenye machela ya miti na blanketi, amebebwa na wanawake wanne. Hakuna ukuta ulioanguka safari hii. Alikuwa amejitwika karai la udongo akipanda nalo ukingo wa handaki, na nyonga ikaachia. Daktari alisema mfupa umevunjika palepale pa zamani na kwamba sasa hautakaa sawa tena. Alilala miezi minne. Mama mkwe alishindwa na watoto wawili, na yule mdogo akapelekwa Mbeere kwa dada ya baba yake. Mkubwa alibaki. Habari hizo zililetwa wodini na mwanamke aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine. Marigu alimsikiliza, akamshukuru kwa kuja, akageukia ukutani.

Ulipofika wakati wa mazoezi, sheria ilikuwa ileile. Tulisimama mbele ya kitanda chake, Mzee na mimi, achague.

"Nataka huyu mzee," alisema. Hakuongeza neno juu yangu.

Mzee alivuta kigoda akaketi. Aliuliza swali lake, na nikaona anavyoliuliza. Aliuliza, halafu akanyamaza, na akaendelea kunyamaza hata pale ambapo mimi ningekuwa nimeshachukua mfuko wa mchanga. 

"Kukaa chini jikoni na kuinuka bila kushikwa," alisema Marigu mwishowe. "Siwezi kuwa mtu wa kuinuliwa."

Basi ikawa ni hilo tu. Mzee aliweka meza, akamfundisha kuinuka kutoka hapo. Kisha kiti. Kisha sanduku. Kila wiki alitafuta kitu cha chini zaidi, mpaka wakafika kwenye kigoda cha jikoni, na kila kitu kikashikwa na mimi kisiteleze. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, kushika. Kioo alikigeuza kikatazama ukuta. Siku moja nilimwambia Marigu kwamba mgongo wake umepinda anapoinuka, nikasikia Mzee akisema polepole, bila kunitazama, "Akiinuka hivyo jikoni kwake, anaona sufuria au haoni?"

Alitoka hospitalini akitumia gongo, mguu ukiburuta. Ile karatasi aliyoitaka tangu mwanzo, ya kwamba hafai kuchimba, sasa aliipata bila taabu. Maji hakuweza kuyabeba tena maishani mwake.

Mengine mnayajua au mnaweza kuyakisia. Hali ya Hatari iliondolewa, watu wakarudi mashambani, barua yangu ya plasta nikaitupa. Mzee Njue alistaafu, akafa kwao, nikarithi chumba na kioo. Baadaye nilihamishwa kuja Meru, na hapa nimefanyisha mazoezi askari, wachezaji wa mpira, wazee waliopooza, kina mama waliojifungua, na bwana harusi mmoja aliyetaka kupunguza tumbo kwa siku tisa. Kila mmoja nilimuuliza, na kila mmoja nikamsubiri ajibu. Mlinicheka kwa kusubiri huko, mkasema mzee wenu amesinzia. Wengine kati yenu mmekuwa wazuri kuliko mimi. Lakini mmoja wenu akimwita mgonjwa wake aje atembee mbele ya wageni, nilikuwa natoka nje, na sasa mnajua kwa nini.

Nilimwona Marigu mara moja tena, miaka mingi baadaye. Tulikwenda Kibugu na gari la kliniki, na nilipotaja jina lake nikaonyeshwa nyumba ya mabati kati ya mashina ya chai. Mumewe alikuwa amerudi kutoka kambini na alikuwa shambani akichuma. Yeye alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe, mvi zimemjaa. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Daktari wa Meru," alisema. "Karibu."

Tuliulizana habari. Mtoto aliyepelekwa Mbeere alikuwa ameoa hukohuko, huja kuwasalimu sikukuu, na yule shangazi ndiye anayemwita mama. Alilisema hilo kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, nikayasema yote: kwamba aliniambia na sikusikia, kwamba Mzee alinionya, kwamba nilimtoa nje ili nisifiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na maharagwe.

Kisha nikamuuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. "Lakini mama, wewe ulijua. Ulimwona yule bwana. Kwa nini hukuchechemea?"

Mikono ilisimama.

"Ningeweza," alisema. "Wodini wanawake walikuwa wameshafundishana. Tulikuwa tunajua kuchechemea kwa namna tatu." Akanitazama. "Lakini ulikuwa umesimama pale na kaptula yako, kama mtu anayemwambia yule mzungu, huyu mama nimemtengeneza mimi. Ulikuwa mtoto. Nikasema, nikianguka mbele yake, huyu watamfukuza, na yeye pia ana mama mahali."

 Matone ya kwanza ya mvua yalianza kupiga mabati, na barabarani dereva wa kliniki akapiga honi kuniita. Nilitoka mpaka kwenye kona ya nyumba, nikampungia mkono aende bila mimi. Kisha nikarudi barazani, nikavuta ungo upande wangu, tukachambua maharagwe mpaka yakaisha.